Ushuru wa Mihayo Kivukoni

Paukwa!
Pakawa!
Majembe saba!
Ya nani hayo?
Ya maiti.

Basi sogeeni, ugomvi mmeukuta katikati. Hapo zamani za kale, jembe la chuma likiwa ndiyo mali yenyewe, palikuwa na nchi mbili na mto mmoja kati. Kivukoni alikaa Chilongani, mlinzi wa mtemi wa ng'ambo. Mbele yake alisimama Bibi Kalunde, mwanamke mfupi, hasira karibu, asiyejua kuzungusha maneno. Nyuma yake vijana wa ukoo walibeba machela, na juu ya machela, ndani ya mkeka, alikuwa kaka yake, Mihayo.

Mihayo alikwenda ng'ambo kuchoma chumvi, homa ikamlaza huko huko. Bibi alimfuata kumuuguza. Neno la mwisho la kaka lilikuwa hili: "Nizikeni karibu na mama." Naye Bibi akasema ndiyo, amemshika mkono.

"Anayevuka kwa miguu yake, jembe moja," alisema Chilongani. "Anayebebwa, saba. Ninyi mmekwisha lipa yenu, bado yake. Sheria ya mtemi."

"Aliye hai atakula, ataiba. Maiti atakuibia nini?"

"Bibi, mimi sipimi wizi. Napokea majembe."

"Sina saba. Ninalo moja, la kumchimbia."

"Basi mzikeni hapa. Udongo wetu haumkatai mtu."

Jua likapanda. Nzi juu ya mkeka, vuu, vuu, vuu. Vijana wakaanza kunong'ona kwamba heri wamzike pale pale. Bibi akawatazama tu, wakanyamaza. Akaketi upande wa kichwa cha kaka yake, anawaza mama yao aliyelala peke yake kaburini kule kwao, ng'ambo ya pili.

Chilongani alichoka kubishana. Akaja, akachungulia machela, akacheka.

"Ndiye Mihayo huyu? Kwa uvivu aliokuwa nao, hata kwao anarudi kwa kubebwa."

Walinzi wenzake wakacheka. Vijana wakakunja ngumi. Bibi Kalunde akainua mkono, wakatulia.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini?"

"Ulilomwambia maiti wangu."

Akarudia, safari hii kwa sauti ndogo.

"Sasa nijibu, na usizunguke. Umeyasema hayo kama nani? Anayemcheka maiti mbele ya wafiwa, kama ni mtani, ana haki yake. Ataje hata meno ya marehemu yaliyong'oka. Kama si mtani, amemtukana mfu, na faini yake ni ng'ombe wawili, kwenu na kwetu. Chagua."

Chilongani akatazama chini. Ng'ombe hana. Na kweli, mababu wa pande zile mbili walipigana, wakachoka, wakapatana, wakawa watani.

"Mimi mtani wenu," alisema.

"Vyema. Mtani hamtozi maiti. Mtani hubeba, mtani huchimba. Shika machela, huku mbele kwenye uzito."

Walinzi wenzake walicheka hadi wakakaa chini. Chilongani akalaza mkuki, akajitwika. Wakaingia mtoni. Chubwi, chubwi, chubwi.

"Huyu alikuwa anakula nini?"

"Chumvi yenu. Beba."

Wakafika. Jembe likashuka, ti, ti, ti. Shimo lilipomfika kiunoni, Chilongani akajilaza chali ndani yake, kama watani wafanyavyo.

"Sitoki. Nataka kuku wangu."

Watu wakacheka huku machozi yakiwatoka. Bibi akaleta majogoo wawili.

"Mmoja ni haki yako. Wa pili ni wa mgongo wako. Kwangu hadhulumiwi mtu, hata mtoza ushuru."

Ndipo Mihayo akalazwa karibu na mama yake.

Chilongani aliporudi akamwambia mtemi wake, "Ukitaka majembe ya maiti, kamweke kivukoni mtu asiye na mtani." Mtemi akatafuta nchi nzima, hakumpata. Tangu siku ile, aliye hai jembe moja, maiti bure. Na mpaka leo wachukuzi wa maiti, wakikanyaga maji ya mto ule, hulitaja jina la Kalunde.

Anayetaka kucheka msibani, na ashike jembe.

Hadithi yangu nimeitua hapo, ubavuni mwa mama yake Mihayo. Mimi nimetoa yangu. Toeni yenu.