Chura Alivyopata Mapele, na Sisi Tukapata Chunusi

Toa vidole usoni, Saumu. Hiyo ya kidevuni asubuhi ilikuwa moja, sasa naziona tatu, na harusi ya dada yako ni Alhamisi. Kaa hapa mkekani na wenzako, saga huo mti wa liwa taratibu, usinirushie maji. Mimi nimekuwa somo wa mabibi harusi wa mtaa huu miaka thelathini na minne, nimesugua nyuso ambazo hata mama zao walishazikatia tamaa, kwa hiyo nikisema jambo kuhusu ngozi nisikilizeni. Leo nitawaambia chunusi zilikotoka. Mkishajua, labda mtaacha kuzichokonoa.

Bibi ya bibi yangu alikuwa hajazaliwa bado, na wakati huo hapakuwa na kiumbe hata mmoja aliyejua chunusi ni nini. Watu na wanyama walikuwa majirani, wakialikana harusini na matangani, na kila mmoja uso wake laini kama kikombe cha kauri. Na katika nyuso zote hizo, uliozipita zote kwa ulaini ni uso wa Chura. Ndiyo, Chura. Msicheke sasa, pa kucheka mtapaona wenyewe.

Chura huyu alikuwa binti wa nchi kavu, akikaa na mama yake kando ya shamba la migomba. Akaja kuposwa na kijana wa bwawani, chura pia, lakini wa ukoo wa majini, watu wanaojisikia sana kwa sababu wanaoga kutwa. Kijana hakuwahi kumwona. Alimsikia tu akiimba huku anafagia uwanja, akarudi kwao akasusa chakula mpaka mama yake akapeleka posa. Mama alikuwa mwanamke mgumu. Alisema mwari awekwe ndani siku saba, na siku ya saba yeye na wanawake wa bwawani watakuja kumtazama uso. Wakiridhika, harusi ipo. Wasiporidhika, posa imevunjika. Chura alijifanya hajali, lakini alikuwa anampenda yule kijana, maana na yeye alikuwa amemsikia akiimba kule majini, na tangu hapo hata usingizi ukawa wa taabu.

Akaitwa somo, Bi Konokono. Kwa ujuzi wa ngozi hakuwa na mwenzake, mtazameni hata leo alivyo mororo kwa umri ule. Kasoro yake ilikuwa moja tu, mwendo. Alikuwa na wari wawili kwa wakati mmoja, mmoja huku na mmoja ng'ambo ya migomba, na akitoka kwa huyu kwenda kwa yule na kurudi, siku tano zimekwisha.

Siku ya kwanza alimfanyia Chura singo kama inavyotakiwa. Akampaka liwa na maua yaliyosagwa, akaiacha ikauke, kisha akaisugua kwa viganja mpaka ikadondoka yote mkekani pamoja na uchafu wake. Akamwosha kwa maji ya uvuguvugu. Uso ukatoka unang'aa. "Fanya hivi hivi kila siku, mwanangu," akamwambia. "Unapaka, unasugua itoke, unaosha. Nitarudi kukuangalia." Akaaga baada ya chakula cha mchana, na kufika jioni alikuwa bado hajavuka kizingiti.

Sasa hapa ndipo Chura alipokosea, na ni kosa ambalo nimeliona kwa wari wengi wenye akili zao timamu. Alitazama ule mkeka, akaona liwa yote ile iliyosagwa kwa jasho imelala chini kama makombo, roho ikamuuma. Akajiuliza, hivi kitu kizuri namna hii mtu anakipaka ili akitoe? Akaona Bi Konokono ni mzee, anafuata mazoea tu. Yeye akaamua kwamba singo ya kila siku itabaki usoni, na ya kesho itakwenda juu ya ya leo, ili ikifika siku ya saba awe na uzuri wa siku saba kwa mkupuo mmoja.

Akapaka. Kesho yake akapaka juu yake. Akaongeza samli ili ishike, akaongeza mafuta ya nazi ili ing'ae, akanyunyiza dalia ili iwe ya manjano. Mama yake akamuuliza mbona shavu limenenepa. Akajibu kwa shida, maana mdomo ulikuwa haufunguki vizuri, kwamba ni raha ya kuposwa.

Lakini ngozi ina milango, wanangu. Hamuioni, ni midogo mno, lakini ipo, na ndani yake kuna wenyeji wawili, Jasho na Mafuta. Kila siku hutoka nje, mmoja kuupoza mwili, mwingine kuulainisha, ndiyo kazi yao. Asubuhi moja walipotaka kutoka wakakuta milango imepigwa lipu. Walikuwa watu wa adabu, wakabisha hodi, na nadhani ni mara ya kwanza mtu kubisha hodi ili atoke. Haikufunguka. Kesho yake wakabisha kwa ngumi. Siku iliyofuata wenyeji wa milango yote wakaja nyuma ya milango yao, wakaegemeza mabega, wakasukuma.

Chura akahisi kitu kinainuka chini ya lipu. Akapapasa, akakuta vilima. Mnadhani aliogopa? Alifurahi. Akamwambia mama yake kuwa uzuri unaumuka kama unga wa maandazi, na ukiumuka zaidi waongeze singo. Wakaongeza.

Siku ya sita Bi Konokono akarejea. Alipoona ule uso alikaa chini, na kwa Konokono kukaa chini ni shughuli. Hakumgombeza. Alimwambia aoshe kwa maji ya uvuguvugu, ajifukize mvuke kidogo ili milango ilegee, asipake kitu, asiguse kitu, na asubiri. Na wale wa bwawani wapelekewe habari kwamba mwari anaumwa, waje mwezi ujao. Yalikuwa maneno ya busara kabisa. Chura akalia. Akasema akiahirisha watadhani ana kasoro, na yule kijana ataozwa mwingine, na yeye hataki kuishi kumsikia akiimba na mke mwingine. Nawaambia kweli, hapo hata mimi ningemwonea huruma.

Bi Konokono alipogeuka kwenda kuchemsha maji, na mnajua kugeuka kwake kulichukua muda gani, Chura akabandua kipande cha lipu shavuni. Akakiona kipele cha kwanza duniani. Kimesimama, kina kichwa cheupe. Na akafanya vile unavyofanya wewe Saumu. Akakiminya. Kikapasuka, mlango ukavunjika, na uchafu ukaingia kwa majirani. Kufika alasiri pale palipokuwa na kimoja pana vitano. Akaminya na hivyo. Maji ya uvuguvugu yalipoletwa, alikuwa ameshafunika kila kitu kwa lipu mpya, nene kuliko ya kwanza, na akakataa katakata kuoshwa.

Siku ya saba wakaja. Chumba kilijaa. Mama wa bwana harusi alikaa uso kwa uso na mwari, na wasichana wa kibinadamu, kwa kile kiherehere chenu cha kutaka kuona bibi harusi kabla ya watu wote, walijipenyeza mpaka mbele. Sisi wazee tulikaa nyuma tumejitanda kanga. Nasema sisi, ingawa sikuwepo. Udi ukafukizwa, watu wakabanana, joto likapanda. Kule ndani ya ngozi Jasho akaona leo ni leo. Mama wa bwana harusi akamfunua mwari uso, akainama kutazama kwa karibu, na lipu ya shavu la kulia ikaanguka nzima nzima mapajani mwake.

Kisha ya kushoto. Halafu milango yote ikafunguka kwa mpigo, pa pa pa, na yaliyokuwa ndani siku zote hizo yakarukia waliokuwa mbele. Wasichana wote wakalowa nyuso. Badala ya kwenda kuosha, wakajipangusa kwa viganja, wakaeneza vizuri paji la uso, mashavu na kidevu, kisha wakaenda nyumbani wakajifuta kwa taulo moja na kaka zao. Wazee wa nyuma, na kanga zao, hawakupata hata tone.

Mama wa bwana harusi alisimama, akakung'uta nguo. "Tuliambiwa tunakuja kutazama mwari," akasema. "Kumbe tumeletewa fenesi." Wakaondoka kwenda kuoga, na posa ikavunjika. Chura akakimbia akajificha nyuma ya mtungi wa maji, penye ubaridi, akaapa hatatoka tena.

Kule bwawani mama alimweleza mwanawe yote, kipele kwa kipele, akamalizia kwa lile fenesi. Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, mimi fenesi nalipenda." Kijana akamwendea Bi Konokono, akamwomba ampelekee Chura ujumbe kwamba anamsubiri.

Mjumbe asiyefaa ni mmoja tu katika dunia nzima, na kijana wa watu akamchagua huyo. Kiangazi kizima Bi Konokono yuko njiani, maana jua kali humrudisha kombeni. Na kiangazi kizima Chura alikuwa nyuma ya mtungi hapaki kitu, haminyi kitu, anaoshwa tu na matone ya maji yanayovuja. Jasho na Mafuta wakarudia kazi yao, wakitoka na kuingia kwa adabu. Maumivu yakaisha. Ila milango ilikuwa imesukumwa mno, na fremu zake zikabaki zimevimba hivyo hivyo.

Bi Konokono alifika siku ya mvua ya kwanza. Chura alipousikia ujumbe alijipapasa uso, akakuta vile vilima vipo vyote. Akauliza, "Somo, niende hivi?" Bi Konokono akamjibu kuwa, kwa mwendo wake yeye, akitaka jibu jingine itabidi asubiri mwaka mzima. Chura akatoka. Alikwenda mvuani bila liwa wala dalia, akiona haya, akisimama kila hatua mbili, na alipofika ukingoni mwa bwawa akaufunika uso kwa mikono. Kijana akapanda kutoka majini, akaishusha mikono ile, akautazama uso ule. Akasema, "Umechelewa."

Na tangu mwaka ule somo yeyote anayejua kazi haanzi kupaka kabla hajaosha, na anachokipaka anakitoa. Wasichana na wavulana, wakikaribia tu umri wa kutamani kutazamwa, chunusi za harusi ile huwatokea, na wasiozichokonoa humaliza nazo mapema. Chura wa nchi kavu amebaki na mapele, na kiangazi chote hamtamwona. Lakini mvua ya kwanza ikinyesha, mkisikia zile kelele bwawani, msiseme vyura wanatusumbua. Ni harusi ile, na bibi harusi amekuja na uso wake uliooshwa, mapele yote juu, na bwana harusi anaimba mpaka sauti inamkauka.