Msiba wa Balozi Digidigi

Hapo zamani za kale, na wewe uliye huko nyuma acha kucheka, wanyama walikuwa na mabalozi. Balozi wa Kifaru kwa Nyati alikuwa Digidigi, mdogo hivi, miguu kama vijiti vya mishikaki.

Kijumba chake kilikuwa mpakani. Akienda kwa Nyati: "Huyoo! Jasusi wa Kifaru!" Akirudi kwao: "Mh! Ananuka Nyati." Basi alipika peke yake, akala peke yake, na akitaka kucheka, alicheka na sufuria. Alikuwa mpweke, maskini, mpweke kweli.

Mwaka mmoja ukaja ukame. Likabaki bwawa moja, na kila mkubwa akasema ni lake.

"Kesho vita!" Kifaru akafoka.

"Kwa nini kesho? Hata leo!" Nyati akapiga kwato, puu!

Digidigi akakimbia huku na huko, ti ti ti, akibembeleza. Wapi! Akaona wazi kwamba bwawa litavurugwa liwe tope, na watoto wa wanyama wote watakufa kwa kiu. Akaenda kwa jirani yake, Bi Kobe.

"Bibi, nataka kufa."

"We! Nitolee uchuro hapa!"

"Kufa kwa uongo, bibi. Msibani watu hupigana?"

"Mwiko."

"Na waliochimba kaburi hunawa wapi?"

"Chombo kimoja. Na walionawa chombo kimoja hawapigani tena maisha..." Bi Kobe akatoa macho. "Ala! Mtoto wewe!"

Asubuhi kilio cha Bi Kobe kikalipuka. "Yalaaa! Balozi katutoka! Kausia Kifaru na Nyati wamchimbie kaburi pamoja!" Ndani ya mkeka lilikuwamo gogo.

Wakaja wamenuna. Wakachimba, chwa! chwa! Digidigi yuko kichakani, roho juu.

"Nilimwita jasusi," Nyati akasema. "Hata uji sikuwahi kumpa."

"Mimi nilisema ananuka," Kifaru akalia, kamasi zikimtoka. "Kumbe alikuwa wetu sote."

Wakazika, wakanawa chombo kimoja. Vita vikafa hapo hapo, bwawa likawa la wote.

Machozi yalimbubujika Digidigi. Tangu azaliwe hakuna aliyemwita "wetu". Akainuka awakimbilie, Bi Kobe akamzuia.

"Unakwenda wapi?"

"Kwao, bibi! Hukusikia?"

"Nimesikia. Lakini ukitoka, watajua wamelilia gogo. Na bwawa?"

Digidigi akaketi chini, pwa!

Tangu siku hiyo hunywa maji wenzake wakishaondoka. Huwasikia wakicheka bwawani, kisha Nyati husema, "Laiti balozi wetu angekuwepo!"

"Nipo," Digidigi hujibu kichakani, kwa sauti ndogo asisikiwe.

Basi, wanangu, anayewapatanisha mshukuruni angali anaweza kuitikia, msingoje kulililia gogo.