Bi Kanga na Fungate ya Hadharani

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mna homa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kale ile ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na Kanga. Mjane. Mumewe alinyakuliwa na mwewe mchana kweupe, nyaku! Akamwachia mayai saba. Sasa Kanga akiyalalia mayai, anashinda njaa. Akienda kuchakura, mayai yanapoa. Akataka mume. Si mume wa mapambo, jamani. Mume wa kupokezana naye zamu kwenye kiota.

Siku hizo huko porini palizuka mambo. Bi Korongo na Bwana Bundi walijitangaza kuwa wataalamu wa ndoa. Walisomea wapi? Msiniulize mimi. Wakapita wakinadi, "Njooni tuwaozeshe! Hamjuani, hamjaonana, sisi tutawapima na kuwalinganisha!" Tena fungate yenyewe haikai chumbani. Inakaa uwanjani, ndani ya ua wa miiba wenye matundu, na wanyama wote wanachungulia. Kiingilio panzi mmoja, au chura kwa mwenye uwezo. Siku ya saba maharusi wanaulizwa mbele ya halaiki: mnakaa au mnaachana?

Fungate ya hadharani! Nyie wazee mnaoguna, guneni tu. Na nyie mnaocheka, nawajua. Mngekuwa wa kwanza kwenye matundu.

Kanga akaenda kumuaga shangazi yake, Kwale.

"Shangazi, naolewa."

"Na nani?"

"Sijui."

"Mtu wa wapi?"

"Sijui."

"Nani amekwenda kumuulizia kwao? Majirani zake wanasemaje?"

"Shangazi nawe! Siku hizi hatuulizii. Kuna wataalamu."

Mtu akishasema kuna wataalamu, utamwambia nini?

Basi, Kanga akajiandikisha, akapimwa. Korongo akapima hatua zake, moja, mbili, tatu. Akahesabu madoa yake mpaka akachoka. Bundi kakodoa macho hivi, lakini mchana haoni kitu, akawa anasinzia na kuitikia, "Mmh, mmh, vizuri sana." Wakamfunga Kanga macho kwa jani pana. Vigelegele, lililililii! Jani likafunguliwa.

Mbele yake, Kenge.

Mkia huoo. Ulimi nje, ndani, nje, ndani, sss, sss. Kanga alikuwa mtu wa bara kavu, na Kenge ni wa mtoni. Hakuwahi kumwona maishani mwake.

"Nyote mna madoa!" Korongo akatangaza. "Nyote mnatembea chini! Hatua zenu sawa! Mmeendana!"

Makofi, pa pa pa! Kanga akarudi nyuma hatua moja. Lakini akajiambia, hawa ni wataalamu, wameona nisichokiona. Akamkaribisha mumewe kwenye kiota alichokihamishia ndani ya ua. Kenge akayatazama yale mayai. Akameza mate, gu!

"Nyumba nzuri," akasema.

Watoto, mnajua Kenge anakula nini? Shh. Msiseme.

Ikawa kila alasiri Korongo anaita, "Bi harusi, njoo kwenye gogo utueleze unavyojisikia." Kanga anatoka, anapanda gogo, uso kwa watazamaji, mgongo kwenye kiota. Anasema, "Namshukuru Mungu, mume wangu mpole, hana maneno." Watazamaji wanashangilia, hooo! Kanga anaona wanampenda. Siku ya kwanza akarudi kiotani, akahesabu. Mayai sita.

"Bwana Kenge, yai langu moja liko wapi?"

Kenge akajilamba midomo. "Waulize waliotuozesha."

Akamuuliza Bundi. Bundi akafumbua jicho moja. "Ala! Fungateni unahesabu? Mke anayehesabu hamwamini mumewe. Hayo ni mawazo ya ujane. Vuta pumzi."

Kanga akavuta pumzi. Siku ya pili, mayai matano. Akavuta pumzi. Siku ya tatu, manne. Siku ya nne, matatu. Maskini, akaanza kujilaumu mwenyewe. Akadhani ndiye aliyekosea hesabu tangu mwanzo, kwamba uchungu wa kufiwa umemharibia akili. Akaona haya hata kuuliza.

Siku ya tano akapanda gogo. Akaanza, "Mimi na mwenzangu tunaendelea kuzoea..." Halafu akaona kitu. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Macho yote yalikuwa yanampita begani, yanatazama nyuma yake. Vinywa wazi. Shingo zote zinainama pamoja, zinainuka pamoja.

Kanga akageuka.

Kenge alikuwa kiotani. Koo limemvimba, yai linateremka, gu-gu-gu-gu.

"Kekekekeke! Bi Korongo! Anawala watoto wangu!"

"Sema taratibu," Korongo akasema, "na ugeukie huku, watu wakuone vizuri."

Kenge akajifuta mdomo. "Msinitie mimi ubaya. Siku ya kupimwa niliwaambia, chakula changu mayai. Niliwaambia mara mbili."

Kanga akamtazama Korongo. "Mlijua?"

Korongo akakohoa. "Tulijua patachangamka."

"Kila ndoa ina changamoto zake," Bundi akadakia, macho kafumba.

Kanga akawageukia watazamaji. "Na nyie? Siku tano mnamwona?"

Pimbi alikuwa mstari wa mbele, anatafuna.

"Wewe Pimbi, unaishi wapi?"

"Kwenye mawe ya mtoni. Jirani yake huyu, ukuta kwa ukuta."

"Ulikuwa unajua tabia yake?"

"Mto mzima tunaijua. Angekuja mtu kwangu kuulizia, ningemwambia. Hakuja mtu." Akaendelea kutafuna.

Kanga akaingia kiotani, akampiga Kenge bawa la uso, paa! Akayasukuma mayai yake mawili kwa mdomo, moja, kisha jingine, polepole, mpaka nje ya ua.

"Bado siku mbili!" wanyama wakapiga kelele. "Rudi! Tumeshatoa panzi wetu!"

Hakuna aliyempisha. Akapita katikati ya miguu yao, miiba inamng'oa manyoya, analia njia nzima mpaka kwa Kwale. Shangazi aliyatazama mayai, akainua bawa, akayalalia.

Siku ya sita watazamaji wakaja na panzi wao. Bi harusi hayupo. Kiota kitupu. Kenge njaa inamuuma. Akanusa kulia, akanusa kushoto, akatoka uani, akaingia kwenye matete. Huko ndiko Bi Korongo alikotaga mayai yake manne. Watazamaji wakamfuata, wakajipanga, wakakaa.

Korongo akaja mbio. "Uuuwi! Jamani, nisaidieni! Mayai yangu!"

"Mama, sogea kidogo," akasema Ngiri. "Unatuziba."

Kanga alikuwa jirani hapo, anachakura. Akasikia yowe. Siwafichi, wazo la kunyamaza lilimjia, na lilikuwa tamu. Akasimama nalo kidogo. Halafu akakimbia.

"Kekekekeke! Mwizi! Mwizi!" Akamrukia Kenge kichwani, akamdonoa macho, ko! ko! ko! Kenge akadondosha yai, akatumbukia mtoni, chubwi!

Watazamaji wakamzomea. Si Kenge, wakamzomea Kanga! "Uuuu! Umeharibu!" Wakaondoka wananung'unika, kila mmoja na panzi wake mkononi.

Korongo akabaki kasimama kwa mguu mmoja, hawezi kuinua uso. "Umenisaidia, mwenzangu? Na yote niliyokutendea?"

"Sikukusaidia wewe," Kanga akasema. "Mayai hayakujiandikisha."

Akaenda zake. Zamu yake ya kulalia ilikuwa imefika.

Basi mafunzo ni haya, na sitayazungusha. Anayenenepa kwa ugomvi wenu, msimpe kazi ya kuwaozesha. Nendeni mkaulize kwa majirani. Na wewe jirani, usingoje kuulizwa. Ukiona mwenzio anaangamizwa, piga yowe, usitafute pa kukaa.

Hadithi yangu imetua hapo. Aliyeipenda aende nayo nyumbani. Aliyejiona ndani yake, asinikasirikie mimi.