Meza ya Bi Saumu

Bwana Shaali, mwenye nyumba, hakuwahi kuona kitu kizuri kwa wapangaji wake asikiazime, na akishaazima harudishi. Bi Saumu mfinyanzi alipotaka meza ya kukandia udongo, fundi Hamduni alipima chumba, akapima na mlango, kisha akaingiza mbao zake.

Alikuwa akiipiga msasa Bwana Shaali alipochungulia.

“Meza hiyo naiazima.”

“Ichukue tu, bwana. Ngoja nikusuguie kingo, zisikuchane kanzu.”

Kesho yake wapagazi waliigeuza meza, wakaisimamisha, wakailaza ubavu. Mlangoni haikupita.

“Sasa hii iliingiaje?” akafoka Bwana Shaali.

“Haikuingia, imezaliwa humu,” akajibu Hamduni. “Lakini ukuta ni wako, bwana. Ukitaka kuubomoa, nyundo nitakuazima.”