Maikrowevu ya Bi Somoe

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, na mwenye usingizi akanawe uso kwanza. Leo sisimulii ili watu walale. Nina kesi mkononi iliyonishinda kuikata, nami nimekuja kuitua kwenu.

Palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Wa kwanza ni Saumu, mwalimu wa shule ya msingi huko Tanga, aliyejaliwa kuuliza. Saumu akiingia dukani, muuzaji hutafuta kiti, maana anajua huyu hatoki leo. Wa pili ni fundi Mhando, seremala, aliyejaliwa jicho la kupima. Akikutupia jicho mara moja anajua kitanda chako kiwe na urefu gani. Wa tatu ni Riziki, aliyejaliwa subira. Huyo angeweza kuchambua gunia la mchele punje kwa punje bila kukunja uso.

Walikutanishwa na Bi Somoe, mjane wa miaka sabini na mmoja, mkazi wa Chumbageni. Saumu ni binti yake wa mwisho. Riziki ni mkwewe, mke wa mwanawe mkubwa, Mbaruku, nao wanaishi Dodoma. Mhando yeye ni fundi tu wa mtaani.

Presha ya macho ilikuwa imemla Bi Somoe nuru kidogo kidogo, mpaka akabaki anaona vivuli. Hata hivyo nyumba yake aliijua kwa mikono na nyayo. Binti wa kazi aliletewa mara mbili, na mara mbili akamrudisha kwao kwa kosa lilelile la kuhamisha vyombo jikoni. Kwa asiyeona, kitu kinachohamahama ni adui. Lakini adui mkubwa zaidi alikuwa moto. Siku moja ncha ya kanga yake ilishika moto kwenye jiko la gesi, na jirani alipokuja kumwagia maji, kanga ilikuwa imeshateketea hadi magotini. Ngozi ilipona baada ya wiki tatu. Mbaruku yeye hakupona hofu.

Alikuja kutoka Dodoma akazungumza na mama yake kwa upole. Upole huo ndio uliomtisha Bi Somoe, kwani Mbaruku akiwa na ubishi huwa anaweza kugeuzwa, ila akiwa mpole ameshaamua.

"Mama, mwisho wa mwezi tunahama. Chumba chako kiko tayari. Hii nyumba tutaipangisha."

"Mwanangu, Dodoma mimi namjua nani?"

"Unanijua mimi."

Jibu lilikuwa zuri. Alimpenda sana mwanawe. Lakini hapa Chumbageni alimtambua kila jirani kwa kikohozi chake, na msikitini alikwenda mwenyewe akihesabu hatua. Kule angekuwa mgeni wa kushikwa mkono hadi msalani. Alipokuwa peke yake na Saumu alimwambia wazi kwamba anajiona kama mtu anayezikwa huku angali anapumua.

Saumu akamfuata kaka yake barazani. "Kaka, akipata kupika pasipo moto, utamwacha abaki?"

Mbaruku akampa sharti. "Nitakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Apike mbele yangu, peke yake, asishikwe mkono na mtu. Akiungua hata ncha ya kidole, tunafunga mizigo."

Ndipo likaja wazo la maikrowevu, na si ile ya kuwekwa juu ya meza. Saumu alijua kwamba ya mezani mama ataisukuma kwa kiwiko, leo iko hapa, kesho iko pembeni, keshokutwa iko sakafuni. Walitaka ile ya kuchomekwa ndani ya kabati, ikae mahali pamoja kama mlango wa nyumba unavyokaa.

Saumu akaingia mjini. Katika duka la kwanza muuzaji alimwonyesha moja yenye uso wa kioo kitupu. "Hii ndiyo ya kisasa, dada. Unagusa tu."

Saumu akavua mtandio, akajifunga macho palepale dukani, akanyoosha kidole. Mashine ikalia.

"Nimewasha nini?" akauliza.

"Umebadilisha saa," muuzaji akasema.

"Na sasa?"

"Sasa umeifunga. Hata mimi sijui inafunguliwaje."

Alifanya hivyo katika maduka sita. Watu walikusanyika kumwangalia mwalimu aliyejifunga macho akipapasa vioo, na wanafunzi wake wawili walipita wakaenda kusimulia shule nzima. Hakujali. Duka la saba lilikuwa na mashine ya fremu ya chuma, imepitwa na mitindo, yenye swichi mbili za kuzungusha na kengele inayolia chakula kikiwa tayari. Swichi moja ni ya nguvu, nyingine ni ya dakika. Muuzaji aliona aibu kuitoa. Saumu aliizungusha akiwa gizani, akaifungua, akaifunga, kisha akavua mtandio na kusema anaichukua.

Kazi ikawa ya fundi Mhando. Alikagua mashine kila upande, akasema, "Hii inapumua kwa mgongo. Nikiibana itakufa." Akaacha nafasi nyuma na juu. Akatazama mlango wake unafungukia kushoto, akaweka meza ya kutulia bakuli upande wa kulia, ili mkono usilazimike kuvuka mlango. Kikabaki kimo cha kabati. Akamwita Bi Somoe asimame wima jikoni, akampima kutoka sakafuni hadi kifuani, akakata mbao.

Sasa hapo ndipo lilipotokea jambo. Bi Somoe alikuwa ametoka kuoga, na bafuni huvaa mitalawanda, vile viatu vya mbao vya kizee vinavyomwinua mtu vidole vinne. Alijua anapimwa nayo. Lakini kumwambia mwanamume wa nje "ngoja nivue viatu vya bafuni" alikuona ni fedheha, akanyamaza. Aibu ya watu wazima ni ghali, nyie wacheni tu.

Kabati lilipokamilika, Bi Somoe akajaribu akiwa pekupeku na bakuli la maji ya baridi. Mikono ikapanda, bakuli likamfikia kidevuni, maji yakamwagika mpaka ndani ya nguo. Kama yangekuwa ya moto, safari ya Dodoma ingeanza siku hiyohiyo. Aliketi chini akalia. Alijua kosa ni lake na hakuweza kulitamka.

Mhando alizunguka jikoni. Akaiona mitalawanda mlangoni mwa bafu, akaipima kwa kidole, akatazama kabati. "Bi Mkubwa, nisamehe," akasema. "Nimepima mbao, sikupima miguu." Akang'oa kabati lote, akarudia kazi ya siku mbili kwa ujira uleule wa mwanzo, na habari ya mitalawanda hakuitaja kwa mtu. Safari hii bakuli lilitoka likiwa usawa wa kifua, likatua mezani bila kutikisika.

Zikabaki siku tisa. Mashine ipo na kimo kipo, ila Bi Somoe akizungusha swichi ya dakika hajui amefika tano au kumi na tano. Uji ulifurika. Wali ulitoka mgumu kama kokoto. Akaanza kukunja kanga zake na kuzipanga sandukuni.

Siku hiyo Riziki akabisha hodi, na begi dogo mkononi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Nimekuja kukusalimu."

Alikaa siku nane. Alichukua gundi ya viatu akabandika punje pembeni mwa swichi: punje ya mchele penye dakika za chai, kunde penye dakika za uji, mbegu ya ukwaju penye dakika za wali. Halafu wakaanza. Bi Somoe alipapasa, akakosea, akarudia. Alipokasirika, Riziki hakupandisha sauti. Uji ulioharibika aliunywa yeye, na ule mwingine, na wa siku ya pili vilevile, ili mama mkwe asihesabu vyakula vilivyotupwa. Siku ya sita kidole cha Bi Somoe kilikwenda kwenye kunde chenyewe, akiwa anaongea mambo mengine.

"Riziki," akauliza, "mumeo anajua kwamba umekuja kunifundisha kumshinda?"

"Anajua niko kwa mama."

Majirani walikuwa na lao. Walisema mkwe huyu anajipigania mwenyewe, hataki kuishi nyumba moja na mama mkwe. Mimi sikuwa moyoni mwake, siwezi kuwakatalia wala kuwakubalia.

Jumamosi ikafika. Mbaruku akaweka kiti katikati ya mlango wa jikoni, akaketi. Saumu, Mhando na Riziki wakaambiwa wakae ukumbini. Bi Somoe aliosha mchele, akamimina tui, akafungua mlango wa mashine kushoto, akaingiza bakuli, kidole kikatafuta mbegu ya ukwaju. Moyo wake ulipiga kwa nguvu hata akaona aibu kwamba mwanawe atausikia. Kengele ikalia. Akavaa glavu za kitambaa, akatoa bakuli likifuka mvuke, akaligeuza kulia. Hapo mkono ulisita. Mbaruku akainuka nusu kwenye kiti. Bi Somoe akasogeza bakuli kidogo, akasikia meza chini yake, akaachia.

Baada ya wali alipika samaki wa nazi, kisha chai. Hakuungua. Mbaruku akaonja, akatafuna taratibu kama hakimu.

"Mama, chumvi imezidi."

"Chumvi yangu imezidi tangu ulipozaliwa, na umekula ukakua."

Mbaruku akacheka, kisha akainamisha kichwa akafuta macho kwa mkono wa shati. "Basi, Mama. Utabaki nyumbani kwako." Bi Somoe akashika ukingo wa kabati lake, akasema alhamdulillahi mara tatu. Mwezi mzima alikuwa hajala akashiba. Siku hiyo, njaa ilimjia kama ya mtoto atokaye kucheza.

Na sasa, wenzangu, ndiyo kesi. Katika ukoo wa Bi Somoe, jiko jipya likiingia nyumbani, chakula cha kwanza cha wageni hupakuliwa kwenye sinia la shaba. Sinia hilo, pamoja na chakula chake na dua ya mama, hukabidhiwa aliyeliwezesha jiko kuwaka, akaondoka nalo kwao liwe lake. Sinia ni moja na dua ni moja. Lingekuwa doti ya kanga lingekatwa, ingawa hata doti hukatika vipande viwili, na hawa ni watatu.

Bi Somoe akapakua, akainua sinia, akawaita.

"Mama," akasema Saumu, "bila mashine unayoweza kuishika, kabati lingekuwa shimo na punje zingebandikwa ukutani."

"Ni kweli," akasema Mhando, "lakini mashine nzuri iliyo juu mno ingemwagia Bi Mkubwa uji wa moto usoni."

"Mama alikuwa na mashine na alikuwa na kabati," akasema Riziki polepole, "na nilimkuta anapanga kanga sandukuni."

Mbaruku hakukosa la kuchomekea. "Wewe Saumu ni mtoto, kumtumikia mama ni wajibu wako. Fundi ameshapata ujira wake. Na wewe mke wangu, majirani wanasema ulikuwa unajisaidia mwenyewe."

"Na wewe uliyetaka kunihamisha ndiye hakimu?" mama yake akamuuliza, na watu wakacheka. Lakini maneno ya mwanawe yalikuwa yameshamwingia. Mtoto ana wajibu, ndiyo, ila ni wangapi wenye wajibu ambao wangejifunga macho dukani mbele ya wanafunzi wao? Fundi amelipwa, ndiyo, ila hakulipwa kwa kurudia kazi, wala kwa kumfichia mtu aibu yake. Na mkwe, hata kama alikuwa na lake moyoni, uji mbovu ni nani aliyeunywa?

Bi Somoe amesimama jikoni mwake mwenyewe, nyumbani kwake, sinia mikononi, na furaha yake ni kubwa kiasi kwamba angewapa wote watatu kama ingewezekana. Vivuli vitatu viko mbele yake. Wali unapoa, na shaba, kama mjuavyo, haiingizwi kwenye maikrowevu. Kwa hiyo msinijibu kesho. Wewe uliyekaa hapo ukinisikiliza, ungekuwa ndiye Bi Somoe, sinia hilo ungemkabidhi nani?