Mama Aliyekataa Kutangulia

Kaeni vizuri, wapendwa. Leo nitasema polepole, kama nilivyo siku hizi, na ninyi mtanivumilia. Nina mfano mmoja tu.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyeamua kuikarabati nyumba ya mama yake. Si kupaka rangi tu. Mnajua mambo ya ukarabati yanavyokwenda. Unaanza na bati moja linalovuja. Fundi anapanda juu, anashuka akitikisa kichwa, anakuambia, "Mzee, mbao zote zimeliwa." Ukibadilisha mbao, unagundua ukuta umepinda. Ukiunyoosha ukuta, sakafu nayo inaanza kukuangalia. Mwisho wake nyumba nzima iko chini, umebakiza msingi na kitasa.

Mama huyo alikuwa haoni. Macho yalififia kidogo kidogo tangu watoto wakiwa wadogo, mpaka yakazima. Lakini ndani ya nyumba yake ya zamani usingejua. Mgeni aliweza kukaa naye asubuhi nzima, akamiminiwa chai, akaaga na kuondoka, asijue. Katikati ya sebule kulikuwa na nguzo ya mti iliyoshika paa. Kila alipopita aliigusa, hata pale mkono wake ulipozoea pakawa laini na peusi. Sakafu ilikuwa na ufa, naye aliufuata kwa kidole cha mguu kutoka chumbani hadi jikoni. Jua likipanda, mabati yalilia juu, ta, ta, ta, naye akajua ni wakati wa kubandika maharage. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yake ya ukutani.

Ujenzi ulipoanza, familia ilihamia kwenye banda la nyuma, wakalala pamoja na majembe na magunia. Mama alisikia nyundo, alisikia mwanawe akibishana na fundi, akawa anauliza, "Mmefika wapi?" Wakamjibu, "Mama, utafurahi." Na kweli, nyumba ikawa nzuri. Sakafu marumaru, dari nyeupe ya kufunika mabati, madirisha mapana, choo ndani. Ile nguzo ikaondolewa, maana fundi alisema inakula nafasi.

Ikafika siku ya kuhamia. Turubai likafungwa uani, pilau likapikwa kwenye masufuria makubwa, kwaya ikaja, majirani wakaja. Na huku kwetu mnajua utaratibu. Nyumba mpya haikanyagwi ovyo. Mkubwa wa familia ndiye anayetangulia, anaomba ndani, kisha wengine wanafuata. Basi mlango ukafunguliwa wazi, na vyumba vyote vikaachwa vitupu. Hakuna aliyeruhusiwa hata kuchungulia. Watu wote wakasimama uani, wakampisha mama.

Mama akafika mlangoni. Akavua viatu. Akaweka mguu mmoja ndani, marumaru ni baridi, laini kama sahani iliyooshwa. Akanyoosha mkono mbele, akapapasa hewa. Akavuta pumzi, akasikia harufu ya rangi peke yake. Akapiga kofi moja, na sauti ikamrudia kutoka pande zote kwa wakati mmoja. Akarudisha mguu nje, akaketi kizingitini.

Mwanawe akamwendea. "Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu, baba. Ndiyo shida yenyewe. Hakuna kitu."

"Ingia tu. Nyumba ni yako."

"Yangu naijua. Yangu ina nguzo."

"Nguzo ilikuwa imeoza, mama!"

"Hata mimi nimeoza. Mbona mimi hamjanitoa?"

Watu chini ya turubai wakacheka. Yeye mwana hakucheka. Kila tofali la nyumba ile alilipanga akimfikiria mama huyu. Akasimama nyuma yake, akaanza kumwelekeza: "Simama, mama. Nenda mbele. Kushoto kidogo. Hapana, kushoto kwako! Mbele hakuna kitu, wewe nenda tu." Mama akainuka ili kumridhisha. Akaenda hatua chache, bega lake likagonga ukuta mpya, mahali palipokuwa na mlango zamani. Akarudi kizingitini, akaketi tena.

"Nirudisheni bandani," akasema, na safari hii hakukuwa na utani. "Mimi nitalala kule. Ninyi ingieni mfurahi."

Hebu fikirini. Nyumba imejengwa kwa ajili yake, na yeye anaomba arudi kulala na majembe! Je, mwana huyo ahamie na kumwacha mama yake bandani? Au afunge mlango, na wote warudi walikotoka?

Mwana akasema kwa uchungu, "Basi, Jumatatu namwita fundi. Nguzo irudi. Na ule ufa, tutauchonga kwenye marumaru."

"Ufa wa kuchongwa?" mama akamjibu. "Huo hautakuwa ufa, utakuwa wazimu."

Shemeji mmoja akapaza sauti kutoka uani, "Mshikeni mkono mumwingize, jamani, pilau linapoa!"

"Mtu haingizwi kwake kama mbuzi," akasema mama.

Akageuza sikio kuelekea ndani. Kisha akauliza, "Mwanangu, wewe uko wapi?"

"Niko hapa, nyuma yako."

"Na mke wako?"

"Yuko huku nje, kwenye masufuria."

"Dada yako?"

"Yuko na wageni."

"Sasa ndani yuko nani?"

"Hakuna mtu, mama. Tunakuheshimu. Tunataka utangulie."

"Wote mko nyuma yangu mnaniambia nenda mbele," akasema mama, "na huko mbele hakuna anayeniita. Hiyo ni heshima gani? Ingia wewe. Uniite."

Mzee mmoja akakohoa, akasema huo si utaratibu. Lakini mwana alikuwa ameshavua viatu. Akampita mama yake mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Akaenda akasimama katikati ya sebule, pale pale ilipokuwa nguzo. Akaita, "Mama!"

Mama akainua uso. Akainuka. Akatembea moja kwa moja juu ya sakafu asiyoijua, hakupapasa, hakuuliza kushoto wala kulia, mpaka mkono wake ukagusa kifua cha mwanawe. Akakigusa kama alivyozoea kuigusa ile nguzo.

"Ehee," akasema. "Sasa niko sebuleni."

Basi mkwewe akaacha masufuria, akazunguka nyuma, akaita kutoka jikoni. Mama akaenda. Binti yake akaita kutoka chumbani. Akaenda. Na yule shemeji wa pilau, naye hakutaka kupitwa, akaita kutoka mwisho wa korido, "Mama, na choo kiko huku!"

"Choo?" mama akashangaa. "Yaani choo kimeingia ndani kabla yangu?"

Wakacheka wote, ndani na nje, na maombi yakaombwa katikati ya kicheko hicho, na pilau likaliwa likiwa la vuguvugu.

Jioni, wageni wameondoka, mwana akamuuliza, "Sasa umeijua nyumba, mama?"

"Bado. Nitaigonga sana tu."

"Mbona umetulia hivyo?"

"Kwani nimehamia kwenye nyumba? Nimehamia kwenu."

Wapendwa, mfano umeishia hapo. Sasa ni sisi.

Sisi tunauliza sana habari za ile nyumba ya huko mbele. Ikoje? Tutatambuana? Kule wanafanya nini siku nzima? Hata mimi mwaka huu nimeuliza. Mlinisindikiza makaburini kumzika mwenzangu, hamhitaji maelezo. Nilirudi nyumbani, nikanyoosha mkono, sikuikuta nguzo. Na watu wema wakasimama nyuma yangu wakaniambia, jikaze, songa mbele, utazoea. Walisema kwa upendo. Lakini waliofanya nikala chakula siku zile ni wale waliotangulia kuingia jikoni kwangu, wakawasha moto, wakaniita. Kwa hiyo ukimwona aliyefiwa ameketi mlangoni, usimpigie kelele kutoka uani. Ingia. Mwite.

Na Bwana wetu amefanya nini? Yeye ndiye mkubwa wa familia. Je, alisimama nyuma yetu akatuelekeza: kushoto, kulia, mbele hakuna kitu, nendeni tu? Hapana. Alitupita mlangoni. Aliingia kwanza katika ile nyumba baridi ambayo hakuna kati yetu anayeijua, akaingia peke yake, na hakuna aliyemwita. Aliingia ili sisi tuitwe.

Sasa nakuuliza wewe uliyeketi hapo, na wewe uliyesimama dirishani. Sikuulizi kama unaijua nyumba ile. Hakuna anayeijua. Nakuuliza, sauti yake unaijua? Yule mama hakujifunza sauti ya mwanawe siku ya kuhamia. Aliisikia bandani kila siku, ikiomba chumvi, ikibishana na fundi, ikimsalimu asubuhi. Siku yako ikifika, nguzo zote zimeondolewa, na ndani anaita mtu ambaye hukuwahi kumsikiliza, utatembeaje?

Msikilize sasa, tukiwa bado bandani. Bandani si pabaya. Tumebanana, tunagombania blanketi, lakini anaongea nasi humu humu.

Mimi nina amani, wapendwa. Sina haraka, na wala siogopi. Nimeketi kizingitini, viatu nimeshavua, na nasikia ndani kuna watu.