Pampu Iliyooshwa kwa Petroli

Wenye magari humu kanisani nawajua, na leo msiinamishe vichwa. Na sisi wa miguu tusicheke mapema, yatatufikia.

Alikuwapo mwalimu mmoja mstaafu, katika mji wenye miteremko kama huu wetu. Hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa na mke aliyempenda na gari kuukuu alilolivumilia. Mkewe alikuwa na kidonda mguuni, vile vidonda vya kisukari, na kila Alhamisi ilikuwa lazima apelekwe hospitali kikasafishwe. Daktari alishawaambia waziwazi: Alhamisi zikianza kurukwa, mguu utakatwa. Kwa hiyo gari lile, jamani, halikuwa la kutembelea. Lilikuwa mguu wa yule mama.

Siku moja breki zikaanza kulegea. Mwalimu akaenda kwa fundi wake wa miaka mingi. Fundi akakagua, akatikisa kichwa. "Mwalimu, pampu ya breki imechoka. Tutafute mpya." Mpya ikatafutwa, kazi ikafanyika.

Sasa mnajua desturi ya fundi mwaminifu. Akikubadilishia kifaa, kile kibovu anakurudishia mkononi ukione kwa macho yako, usije ukasema umeibiwa. Fundi huyu alizidi hapo. Alikuwa anakiosha kwanza kwa petroli, anakifuta kwa kitambaa, anakifunga kwenye gazeti, ili mteja asichafuke mikono. Ustaarabu wa namna gani huo! Akamkabidhi mwalimu kifurushi chake. "Ya zamani hii hapa, mwalimu. Fungua uione."

Mwalimu akacheka. "Mimi na wewe tena? Nakuamini." Akakirushia kwenye buti, akaondoka zake.

Kwa siku nne breki zilishika vizuri tu. Alhamisi ikafika. Wakiwa wanateremka kwenda hospitali, mwalimu akakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini. Akakanyaga tena. Hola! Akaivuta breki ya mkono kwa mikono miwili, gari likaserereka, likaingia mtaroni. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Lakini mkewe alikuwa ameng'ang'ania dashibodi kwa vidole vyote kumi, analia bila sauti. Tangu wamzike mtoto wao wa kwanza, mwalimu hakuwa amemwona akilia vile.

"Mume wangu," akasema mama, "gari sipandi tena. Si hili, si lingine. Mguu na ukatwe."

Mnasikia? Na mwanamke yule hakuwa mtu wa kutishia.

Kesho yake gari likavutwa kwa kamba mpaka gereji, na njia nzima mwalimu alikuwa anapanga maneno. Tunajua kupanga maneno, sivyo? Hili nitaanza nalo, na hili nitammalizia nalo. Fundi akatoka uvunguni mwa gari, akamkimbilia. "Shikamoo, mwalimu!"

Mwalimu hakuitikia. Mzee wa miaka sabini, aliyefundisha watoto wa watu adabu maisha yake yote, akaiacha shikamoo ikining'inia hewani. Ndugu zangu, hasira ni kitu kibaya.

"Wewe ni mwizi," akasema, mbele ya watu. "Umenifungia pampu mbovu, ukanisindikiza kwa maneno matamu. Mke wangu nusura afe!"

"Mwalimu, mpya niliifunga kwa mikono hii. Ya zamani nilikupa. Iko wapi?"

"Si iko kwenye buti! Unataka ushahidi gani zaidi?"

Wakafungua buti. Kifurushi kilikuwa vilevile, gazeti halijachanika. Fundi akakifungua. Akachungulia ndani ya tundu la pampu: kavu, halijawahi kuonja mafuta ya breki. Akaibonyeza kwa kidole, ikarudi kwa nguvu. Akaketi palepale chini, kwenye mchanga wenye oili, akafunika uso.

"Mwalimu, hii ndiyo mpya," akasema. "Siku ile niliziweka zote mbili kwenye gunia moja. Ile ya zamani niliiosha ikang'aa mpaka mimi mwenyewe nikashindwa kuitambua. Nikakufungia ileile. Mimi si mwizi, lakini afadhali ningekuwa mwizi. Mwizi angechukua pampu. Mimi nilikuwa namchukua mama."

Yale maneno yote aliyoyapanga mwalimu yakamwishia. Akakumbuka alivyoambiwa, "Fungua uione." Pengine angeona tundu kavu, pengine asingeona, lakini hakufungua. Akavuta tairi kuukuu, akaketi kando ya yule fundi.

Kisha fundi akainuka, akaifunga mpya, mwalimu akiangalia kila nati. Alipomaliza hakusema, "Haya, kwaheri." Alinawa mikono, akaongozana na mwalimu mpaka nyumbani, akapiga magoti mbele ya mama. "Shikamoo, mama. Ni mimi niliyekosea."

"Marahaba," akasema mama. Akamtazama sana. "Una mke?"

"Ninaye, mama."

"Basi wewe utakaa kiti cha mbele, pale nilipokaa mimi. Mimi nitakaa nyuma yako. Tuteremke mlima uleule."

Wakateremka. Walipofika penye ule mtaro mwalimu akakanyaga breki, gari likasimama, likatulia. Mama akanyoosha mkono kutoka nyuma, akamshika fundi begani. Shati lilikuwa limelowa jasho. "Pumua, mwanangu," akamwambia. "Hospitali tunapajua, twende."

Naye mwalimu, macho yake mbele barabarani, akasema polepole, "Ile shikamoo yako ya asubuhi, fundi. Marahaba."

Sasa tuje kwetu. Sisi tumeahidiwa moyo mpya, na tumepewa. Anayetupa hakosei, msinielewe vibaya. Tunaokosea kuufunga ni sisi. Tunauchukua ule wa zamani, wenye kinyongo chake chote, tunauosha Jumamosi, tunaufuta Jumapili asubuhi, unang'aa kwelikweli. Unaimba hata kwaya! Na kwa kuwa unang'aa, tunaurudisha uleule kifuani. Kwenye tambarare nani atajua? Lakini mteremko ukija, mkwe akatamka neno, jirani akasogeza mpaka, tunakanyaga, na chini hakuna kitu. Na ni nani anayeng'ang'ania dashibodi? Ni mkeo. Ni mumeo. Ni mtoto aliyekaa kando yako, analia bila sauti, na wewe unatafuta fundi wa kumlaumu.

Ndugu yangu, dada yangu, mpya unao. Uko kwenye buti, ndani ya gazeti, tangu siku ile ulipoambiwa ufungue uone ukasema unaamini.

Sitaki mniambie mmebarikiwa na mahubiri. Nataka jambo moja. Kuna mtu alikuamkia, nawe hukumwitikia. Unamjua. Wengine wenu mmekaa naye benchi moja sasa hivi. Mgeukie, umwitikie.